Kizimba, Boma na Ua

Mahali wanapotunzwa wanyama wa mwituni ili watu wawatazame huitwa kwa Kiswahili bustani ya wanyama. Jina hili ni zuri, maana bustani ni mahali pa miti, maji na kivuli. Walakini mnyama mwenyewe, akisha kutiwa humo, husemwa kuwa yumo kizimbani. Na neno hilo ndilo litumiwalo mahakamani kwa mahali asimamapo mshtakiwa. Basi juu ya jambo moja yamewekwa maneno mawili yasiyopatana: la kwanza laahidi raha, la pili lanusa hukumu. Yafaa kuuliza ni lipi limwongozalo fundi ajengapo, hasa akiwa na fedha chache.

Swali hili lina mahali pake Tabora, mji wenye bustani ya wanyamapori iliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mji huo ulijua maboma ya namna nyingine zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe. Na wapagazi walipolala porini walikata miiba, wakajizungushia boma ili simba na fisi wasiwaingilie. Boma lile lilimfunga binadamu ndani, mnyama akabaki nje na nchi yake nzima. Leo boma limegeuzwa, na katika kugeuzwa huko jambo moja limesahauliwa: msafiri alijua kuwa alfajiri ataondoka, ndiyo sababu nafasi finyu ilimtosha. Mnyama wa bustani hakai humo usiku mmoja, bali umri wake wote.

Ubaya wa vizimba aghalabu husingiziwa uhaba wa fedha. Hoja hiyo ni kweli nusu tu. Nondo, wavu wa chuma na saruji ni ghali, nazo ndizo zimezwazo na kizimba kilichojengwa ili mnyama aonekane kutoka pande zote nne. Hapo fedha imetumika kwa ajili ya jicho la mtazamaji. Heini Hediger, mtaalamu wa Uswisi aliyeandika juu ya wanyama waliofungwa mwaka 1942, alionyesha kuwa kila mnyama wa mwituni ana umbali wake wa kukimbia, na kwamba uzuri wa nafasi wapita ukubwa wake. Asiye na mahali pa kurudi nyuma wala pa kujificha hana makazi, hata akipewa eneo pana.

Hapa Kiswahili kina neno bora kuliko kizimba, nalo ni ua. Ua ni kile kizuizi chenyewe, na tena ni uwanja uliozungukwa nacho. Katika nyumba za Kiswahili za Isevya, mtaa wa mji huo huo, ua hukaa nyuma. Humo watu hupika, hufua na kupumzika, wala mpita njia hawaoni. Tembe la Unyamwezi nalo lilizungusha vyumba vyake kuukabili uwanja wa ndani. Majengo hayo yote yalimjali kwanza aliyemo ndani. Sharti lake ni sitara. Mnyama akijengewa kwa nia hiyo, mengi ayahitajiyo hayana bei kubwa: mti ulioachwa bila kukatwa, kichuguu cha kupanda, magogo, majani marefu, na upande mmoja usiofikiwa na watu.

Walakini isidhaniwe kuwa sitara yatosha. Fisi huchimba, hivyo wavu wake hauna budi kushuka ardhini. Chui hupanda, kwa hiyo ua usio na paa haumfai. Na mlango wa simba hutaka kuwa wa mara mbili, ili mmoja ukifunguliwa wa pili uwe umefungwa. Katika mambo haya kubana fedha ni kuhatarisha roho ya mtunzaji.

Pengine ardhi yenyewe hufanya kazi ya ukuta. Carl Hagenbeck, alipofungua bustani yake karibu na Hamburg mwaka 1907, aliweka mahandaki mahali pa nondo. Katika Ziwa Victoria, kisiwa cha Saanane kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kabla ya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013; na kisiwani Ngamba, Uganda, tangu mwaka 1998 sokwe yatima hutembea msituni, maana hawajui kuogelea na ziwa ndilo ua wao. Tabora haina ziwa kama hilo. Ina miti ya miombo, na kivuli chake ni mtaji.

Mwisho, majenzi hulipwa mara moja, lakini nyama na majani hulipwa kila siku. Bustani yenye fedha chache na wanyama wa kila aina hujihukumu yenyewe kujenga vizimba. Yenye aina chache yaweza kumpa kila mmoja ua wake. Mtazamaji atangoja kidogo kabla ya kumwona chui, na pengine asimwone. Kungoja huko ndiko kutakakomfundisha kuwa ameingia kwa mwenyeji, wala hakuja kusikiliza kesi.