Fit ya Kila Siku: Pesa ya Kwanza Ilikwenda Wapi

Pesa ya kwanza ilinunua plagi nane. Honda Fit ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2001 na injini ya i-DSI ya cc 1339, ina silinda nne, lakini kila silinda inawashwa na plagi mbili. Nne za mbele unaziona mara tu ukifungua boneti. Nne nyingine zimejibanza nyuma ya injini, chini ya wipa, mahali ambapo mkono unafika kwa taabu. "Mwalimu, hizi za nyuma hazijawahi kutolewa," fundi alimwambia mwenye gari, akimwonyesha moja iliyolika ncha na kushika kutu shingoni. Sevisi zilikuwa zimelipiwa miaka yote. Kilichobadilishwa ni kile kilichokuwa karibu na mkono.

Mwalimu ni jirani yangu hapa Ruiru, na hakwenda gereji kutafuta plagi. Alikwenda na orodha: rimu za inchi 16, filta ya hewa ya koni, ekzosi yenye mdomo mpana na taa nyeupe za LED. Gari ni hilo hilo moja. Siku za kazi linakaa kwenye foleni ya Thika Road, na mwisho wa mwezi linateremka Mai Mahiu kwenda kwa wazazi Naivasha, ambako kilomita za mwisho ni murramu. Likilala gereji siku tatu, familia inapanda matatu. Kwa gari la namna hiyo mimi huanza na hesabu ya vilivyopungua tangu lilipotoka kiwandani, kwa sababu kurudisha kilichopotea ni rahisi kuliko kununua kisichokuwepo.

Chukua nguvu ya injini. Ikiwa mpya, i-DSI ilitoa nguvu za farasi 86, na gari lenyewe lina uzito wa karibu tani moja kabla hujapakia abiria. Haina tabo, inavuta hewa kwa pumzi yake tu. Bomba la kiwandani huchota hewa mbali na joto la injini. Ukiling'oa na kupachika koni wazi ndani ya boneti, injini inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto, nyepesi, yenye oksijeni pungufu. Mngurumo unaongezeka na mguu unadanganyika. Tena koni nyingi za bei nafuu hupitisha vumbi laini, na njia ya murramu haina uhaba wa vumbi. Filta ya karatasi ya kawaida, mpya, ilitosha. Ekzosi sina la kusema zaidi ya kwamba majirani tunaamka saa kumi na moja alfajiri gari linapowashwa, nami ni mmoja wao.

Kilichokuwa kikila raha ya gari hili ni giaboksi. CVT ya Fit hii ina klachi yake ya kuondokea, na oili ikichakaa, au akiweka mtu oili isiyo yake, gari hutetemeka kila linapoanza kusogea. Kwenye foleni hilo hutokea kila dakika. Honda iliiandalia oili maalumu, HMMF, na ni kosa kuijaza ATF yoyote iliyopo rafuni kwa sababu tu rangi inafanana. Oili ilimwagwa, ikawekwa inayostahili, na mtetemo ukapungua kiasi kwamba Mwalimu aliacha kuuzungumzia. Hakuna kitu katika orodha yake kingebadilisha uendeshaji wa asubuhi kwa kiwango hicho, wala kwa bei hiyo.

Breki zilifuata, kwa sababu ya Mai Mahiu. Pedi za mbele zilikuwa bado nene, lakini mafuta ya breki yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu, gari likiwa limejaa watu na mizigo, mafuta yakichemka pedali inazama na mguu haupati kitu. Iliwekwa DOT 4, ambayo inaingiliana na DOT 3 na huvumilia nyuzi 230 ikiwa mpya.

Shokapu za mbele zilivuja, zikabadilishwa kwa za kimo kile kile cha kiwandani. Fundi alipendekeza spesa ili gari linyanyuke kwa ajili ya matuta, nami nilipinga. Spesa haiongezi mwendo wa shokapu. Inausukuma tu chini. Gurudumu likining'inia shimoni, ekseli, boli joint na paipu ya breki zinavutwa kupita pembe zilizokusudiwa. Wengi huishi nazo, sikatai, lakini wanaziishi wakinunua ekseli.

Taa ziliisha haraka: vioo vya plastiki vilivyofifia vikang'arishwa, balbu za H4 za halojeni zikabaki. Kioo cha taa hii kilichongwa kwa kufuata mahali pa waya wa halojeni. LED ya mtaani hutawanya mwanga machoni mwa anayekuja.

Zikabaki rimu, na hapa Mwalimu hakutaka kusikia la mtu. Tukakaa na kalamu. Tairi ya kawaida ya Fit hii ni 175/65R14. Kipenyo chake ni milimita 583, na ubavu wa mpira ni milimita 114. Aliyokuwa akiitaka, 195/45R16, ina kipenyo cha milimita 582, kwa hiyo hata kipimamwendo hakiondoki mahali pake. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Lakini ubavu umeshuka hadi milimita 88. Zile 26 zilizopotea ndizo zinazopokea ukingo wa shimo kabla haujafika kwenye rimu, na shimo la Thika Road wakati wa mvua huwezi kuliona, limejaa maji. Isitoshe, rimu nyingi za bei ya chini ni nzito, na uzito wa gurudumu injini ya farasi 86 inausikia kila inapoondoka kwenye taa.

Suluhu ilikuwa 185/55R15, saizi ambayo Honda wenyewe waliifunga kwenye baadhi ya Fit za kizazi hicho. Kipenyo milimita 584 na nusu, ubavu 102. Rimu zilinunuliwa za mitumba, tairi zikanunuliwa mpya, na sikubali mpango wa kinyume. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji ameipaka dawa ikang'aa.

Rimu ya matundu manne ya 4x100 inaingia kwenye Fit, Vitz na Demio, ndiyo maana wauzaji husema "inakubali tu". Tundu la katikati la Honda ni milimita 56.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji ringi ya kuziba pengo, la sivyo usukani utatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu, nawe ulipie balansi bure. Halafu nati. Za Honda za kiwandani zina kitako cha mviringo, wakati rimu nyingi za madukani zimechongwa kwa nati za kitako cha koni. Zinaingia, zinakaza, na zinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Mwalimu alinunua seti mpya ya nati za koni, bei yake ndogo kuliko tangi la petroli. Zilikazwa kwa spana ya kipimo hadi Nm 108, zikarudiwa kukazwa aliporudi kutoka Naivasha.