Bwana René Barjavel na Kitabu Chake «Ravage»

Katika nchi ya Ufaransa wametokea watu wengi waliotunga hadithi za mambo yajayo, habari za mitambo ya ajabu na za safari katika nyakati zisizofika bado. Aliye mashuhuri kupita wote ni Jules Verne. Lakini yuko mwingine, René Barjavel, ambaye jina lake huleta ubishi kila litajwapo. Wako wamwitao bingwa, na wako wasemao kwamba aliwafanyia kazi adui za nchi yake. Ubishi huo zaidi ni juu ya gazeti moja lililochapa hadithi yake. Mimi nataka tukitazame kitabu chenyewe, maana ndani yake mna jambo limpasalo kila mwalimu kulifikiri.

Bwana Barjavel alizaliwa tarehe 24 Januari 1911 katika Nyons, mji mdogo wa kusini. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na mama yake alifariki yeye angali mtoto. Mkuu wa shule yake, Bwana Abel Boisselier, aliiona akili ya kijana huyu, naye alipohamishiwa shule ya Cusset akamchukua, ili masomo yake yasikatike. Fedha za kwenda chuo kikuu hazikupatikana. Basi kijana akashika kazi hii na hii, akaandika magazetini, kisha akaenda Paris kufanya kazi kwa mchapishaji Robert Denoël. Huyo ndiye aliyekitoa kitabu cha «Ravage» mwaka 1943, wakati Wajerumani walipokuwa wakiitawala Paris.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 2052. Paris ina watu milioni 25, majumba yamepanda juu mno, na chakula chatengenezwa viwandani. Hata wafu hawazikwi tena: kila nyumba ina chumba cha baridi ambamo wazee waliokufa wamekaa kama walivyokuwa hai. Mara umeme unatoweka duniani. Vyombo vya angani vinaanguka, maji hayapandi tena, moto unateketeza mji, na maradhi yanafuata. Kijana mmoja wa shamba, François Deschamps, anakusanya watu wachache, pamoja na mchumba wake Blanche, akawaongoza kwa miguu mpaka kwao kusini.

Sehemu hii imeandikwa vizuri sana. Mtunzi anatuonyesha jinsi mtu mwenye vitu vyote asivyoweza hata kujichotea maji siku vitu hivyo vinapokoma. Hakuna mahubiri marefu. Tunaona tu mikono isiyojua kazi. Siku hizi, watu wanapozidi kuutegemea umeme kwa kila jambo, maonyo hayo hayajachakaa, na si ajabu kwamba kitabu hiki bado kinasomwa katika shule za Ufaransa.

Lakini tuangalie wanakofika. François anakuwa mtawala na baba wa watu wote, akaishi kupita miaka mia. Mitambo inakatazwa. Kwa kuwa wanaume wamebaki wachache, anaamuru waoe wake wengi. Tena vitabu vinachomwa moto, na elimu ya kuandika inabaki kwa wakubwa tu. Mwishoni mtu mmoja anabuni mtambo wa mvuke ili kuwapunguzia wenzake taabu, naye mzee anaona maovu ya kale yamerudi. Katika ugomvi huo mzee anakufa.

Hapo ndipo mashtaka yanapoanza. Hadithi hii ilichapwa kwanza kwa sehemu sehemu katika «Je suis partout», gazeti lililowachukia Wayahudi na kuwaunga mkono Wajerumani. Mhariri wake wa zamani, Robert Brasillach, alihukumiwa na kupigwa risasi Februari 1945. Serikali ya Marshal Pétain nayo ilikuwa ikiwahimiza Wafaransa warudi mashambani na kumtii mzee mmoja. Baada ya vita jina la Barjavel liliingizwa katika orodha ya waandishi waliolaumiwa, kisha likaondolewa. Wanaomtetea husema kwamba kupenda shamba si kumpenda adui. Na hilo ni kweli. Husema tena kwamba kifo cha mzee ni dalili kuwa utawala wake umeshindwa.

Utetezi huu wa pili haunitoshi. Nikisoma mwisho ule naona mzee analiliwa kuliko anavyohukumiwa. Hata kama hadithi isingalichapwa katika gazeti lolote baya, vitabu vingalichomwa vile vile. Watu weusi nao katika kitabu hiki ni tishio la mbali tu, watu wa mfalme Robinson huko Amerika ya Kusini wajao kwa vita. Na mwenye kuandika haya alikuwa mwana wa mwoka mikate aliyeinuliwa na mwalimu na vitabu! Kama angalizaliwa katika kijiji cha François, asingalijua kuandika jina lake.

Haki inatudai tuseme pia kwamba hakubaki pale. Mwaka 1968 alitoa «La Nuit des temps». Humo wataalamu wa mataifa mengi wanakuta chini ya barafu ya kusini mwanamke na mwanamume waliolala miaka 900,000. Wanataka kuwagawia watu wote elimu ile ya kale, lakini inapotea kwa ugomvi wa mataifa na kwa kosa moja la huzuni. Yule aliyeandika habari za vitabu kuchomwa, baada ya miaka 25 anaililia elimu iliyopotea. Alifariki tarehe 24 Novemba 1985.

Basi mwalimu akiwapa wanafunzi «Ravage», asiwafiche habari za gazeti lile, wala asikomee hapo. Na awaulize swali moja: watu wale walipookoka na njaa na moto, kwa nini watoto wao walinyimwa kusoma? Mtu aweza kujifunza kushika jembe bila kutupa kalamu.