Mkono wa Kuchumia Mboga

Bibi niliyemkuta akichuma matembele kule Dole, asubuhi ya masika, umande ungali majanini, hakuwa na kisu wala mundu. Alikuwa na pakacha la makuti mabichi na ukucha wa kidole gumba, basi. Anainama, analishika rando, anapanda nalo taratibu kwa vidole mpaka karibu na ncha, halafu anabinya. Bua likipinda bila ya kukatika, hapo pameshakomaa, anasogea juu kidogo. Likivunjika kwa mlio mdogo, ndipo penyewe. Ncha inaingia pakachani na mkono umeshafika kwenye rando la pili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila ya kuinua kichwa. Nilipomuuliza kwa nini asitumie kisu akamaliza upesi, alinijibu kwa upole: “Kisu hakijui, mwanangu. Kisu kinakata chochote.”

Hapa Unguja tunamsifu sana mpishi. Tunamsifu kwa tui lake, kwa thomu aliyoijulia kiasi, kwa ndimu aliyoikamua mwisho kabisa chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Wageni nao tunawapeleka Kizimbani wakanuse karafuu na mdalasini, wapigwe picha na mpandaji wa minazi, warudi hotelini. Sijaona hata siku moja mgeni akisimamishwa mbele ya tuta la matembele akaonyeshwa jinsi bua linavyobinywa. Na mimi naamini kwamba nusu ya utamu wa mboga imeshaamuliwa pale tutani, kabla ya moto kuwashwa. Mpishi hodari akiletewa jani lililokomaa, lililopigwa jua tangu saa nne, ataliokoa tu. Hawezi kulipa kile ambacho halikuja nacho.

Kila jani lina adabu zake. Mchicha haung'olewi, huchumwa vichwa, shina likabaki kuchipua mbavuni, na tuta lile lile likakulisha tena na tena. Kunde huchumwa majani machanga kabla mmea haujashughulika na maua. Mnavu na mchunga havina bustani. Hivyo unavifuata vinakoota, pembezoni mwa makonde na kwenye mahame, na lazima uvijue kwa sura, kwani hakuna atakayekuonyesha. Mchunga ni mchungu kweli kweli. Huchemshwa, maji yakamwagwa, ndipo ukatiwa nazi, na wazee wetu wakiula kwa kusudi, wakisema unasafisha tumbo.

Majani ya maboga ndiyo yanayonipa raha kuyatazama. Jani la boga lina vinyweleo vinavyokwaruza ulimi, na bua lake limevikwa nyuzi. Anayejua huvunja ncha ya kikonyo bila ya kuitenganisha, akaivuta kwa chini, na utando mwembamba kama uzi wa hariri ukafuata mkono, ukapanda mpaka kwenye mishipa ya jani lenyewe. Anageuza, anavunja upande wa pili, anavuta tena. Kikonyo kinabaki kijani kibichi, kinang'aa, kina maji. Kazi hii haiendi haraka hata ufanyeje. Ndiyo maana ilikuwa kazi ya alasiri, ya wanawake waliokaa barazani na ungo mapajani, mazungumzo yakienda na nyuzi zikirundikana miguuni. Mtoto aliyepewa jani la boga kulimenya alikuwa anafundishwa subira, na habari za mtaa alizisikia humo humo.

Lakini mboga ya kwetu hasa ni kisamvu. Marehemu bibi yangu alikaa Mkunazini, ghorofani, katika nyumba moja ya zile za dari za boriti. Shamba hakuwa nalo. Alikuwa na jamaa zake Mwera, na siku wakija mjini waliteremka na mafungu ya kisamvu yaliyofungwa kwa kamba za migomba, vichwa vitupu, majani yale ya juu ambayo hayajakunjuka sawasawa. Walikuwa wakichuma kwa hesabu, kichwa kimoja hapa, kimoja pale, maana muhogo ukinyang'anywa majani yote hauna cha kulishia mizizi, na atakayekula kisamvu cha pupa leo atachimba vijiti kesho. Bibi aliyapokea, akayanusa, akayatenga yaliyo na madoa. Kisha kinu kikateremshwa chini uani. Juu hakutwangi mtu, kwani mchi ukianza kupiga boriti hutetemeka na chokaa ikawamwagikia wa chini vichwani. Basi mtaa mzima ulijua leo kwa Bibi ni kisamvu, kwa mdundo tu.

Kutwanga kule kulikuwa na sababu yake. Jani la muhogo lina sumu, sianidi, inayotoka jani linapopondwa sawasawa na kuchemka sana. Bibi hakulijua jina hilo. Alijua kwamba kisamvu hutwangwa mpaka kikawa kitu kimoja, na kwamba chungu hakifunikwi mwanzo, kiachwe kitoe pumzi yake. Kwa adabu hiyo sumu huruka na mvuke. Baadaye ndipo zikaingia kunde zilizokwisha kuiva, kisha tui la pili, jembamba, likachemka taratibu juu ya makaa. Kasimele ikangoja mwisho, ikatiwa moto ukiwa umeshapunguzwa, upawa ukizungushwa upande mmoja ili isikatike. Hakukuwa na bizari. Chumvi, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, kitunguu kidogo. Jani lenyewe ndilo lililokuwa na la kusema.

Nikifikiri chungu kile kilikotoka naona bahari mbili. Muhogo ni mtu wa Amerika, Wareno ndio waliouvusha kuja Afrika. Kiazi kitamu, mama wa matembele, nacho asili yake ni huko huko. Nazi ilitujia kwa upande wa pili, kwa Bahari ya Hindi, pamoja na pepo. Kinu na mchi ni vya Kiafrika. Wapwani wakavikutanisha vyote, na mtu wa Makunduchi, anayelima kwenye maweni, akitafuta udongo mfuko kwa mfuko katikati ya mawe ya matumbawe, akala chakula kile kile anachokula wa Donge mwenye udongo wa kuzama jembe.

Leo nenda Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, au nenda Mwanakwerekwe. Mboga zimejaa, sisemi hazipo. Mchicha umeng'olewa na mizizi yake na udongo wake, umefungwa mabunda, unanyunyiziwa maji kila saa ili usikiri kwamba umechoka. Mwingine umevuka bahari kutoka Bara, pamoja na kabichi na karoti, na hoteli nyingi za pwani zinalishwa kwa njia hiyo hiyo. Kisamvu kinauzwa kimeshasagwa kwa mashine, donge la kijani, hujui ndani yake kuna vichwa au kuna majani ya chini yaliyokaribia kuanguka. Mwenye haraka anatia magadi kilainike. Kweli kinalainika. Kinalainika na kupoteza ladha kwa pamoja. Namshukuru aliyepiga marufuku mifuko ya plastiki Zanzibar mwaka 2006, Bara wakafuata 2019, maana jani lililochumwa vizuri likifungwa ndani ya plastiki hutoa jasho na kuoza kabla ya adhuhuri. Lakini kikapu cha ukili hakikurudi, wala pakacha. Tumepata mifuko mingine.

Siwalaumu wauzaji. Wanauza tunachokubali kununua. Anayeuliza mboga hii imechumwa lini, imechumwa wapi, anaonekana msumbufu. Zamani lilikuwa swali la kwanza, na mwuzaji alikuwa na jibu: Kianga, leo alfajiri; Bumbwisudi, jana jioni. Sasa jibu ni bei.

Na hata anayetaka kwenda kuchuma mwenyewe, aende wapi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia zikagawiwa eka tatu tatu, zilimwe. Kwenye eka hizo palipandwa migomba, muhogo, na kando yake, pale maji ya kuogea yanapotokea, tuta la matembele la nyumbani. Watoto wakarithi, wakagawana, wakakata viwanja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar; ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hao lazima walale mahali, na wamejenga Fuoni, wamejenga Mwera, sasa wanajenga Tunguu. Hakuna wa kumlaumu kwa kutaka nyumba. Ila nimepita kwenye viwanja hivyo na nimeona ua mzima umepigwa saruji, ukuta mpaka ukuta, na kwenye pembe moja kuna maua ya plastiki ndani ya ndoo.

Magonjwa nayo yalitukaribia. Batobato ilikunja majani ya muhogo mpaka watu wakakata tamaa na shamba zima. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Kizimbani walihangaika, wakatoa mbegu zinazostahimili, wakazipa majina ya kwetu: Kizimbani, Mahonda, Kama, Machui. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Mbegu tumepewa. Vidole vya kuchumia havitoki maabara, hutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, na mjukuu siku hizi yuko darasa la ziada mpaka magharibi.

Milango ya Mji Mkongwe imepata watetezi. Tangu mwaka 2000 mji wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mtu akibadilisha roshani pasipo kibali huulizwa. Ni haki. Mimi nataka na yule bibi wa Dole aulizwe, angali hai: tembele lipi lililimwa wapi, mnavu unaota nyuma ya mvua gani, kwa nini kunde za Bambi huchumwa mapema. Anayajua. Hayakuandikwa popote, na binti zake wawili wanafanya kazi mjini.

Wewe uliyenunua kiwanja, kabla fundi hajamwaga saruji, mwambie akuachie hatua mbili tatu kule maji ya bafu yanakotokea. Omba marando kwa jirani, hayauzwi, na masika ndiyo wakati wake. Yakishatambaa, mwamshe mtoto alfajiri, mpe ungo, mwachie abinye mwenyewe.