Stempu ya Frida Kahlo na Mwamba wa Kakapel

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Kwa mchoraji, mojawapo ya tuzo ambazo taifa laweza kumpa ni stempu ya kumbukumbu. Aghalabu wahakiki wetu huchambua riwaya, tamthilia na ushairi, lakini stempu huipita bila kuitazama, labda kwa sababu ya udogo wake. Katika makala haya tunaihakiki stempu moja ya mchoraji, kisha tunauliza ina funzo gani kwetu tunaoishi upande wa Masaba, kati ya Busia na Tororo.

Stempu hiyo ni ya Frida Kahlo (1907–1954), mchoraji wa Meksiko. Ilitolewa na Posta ya Marekani tarehe 21 Juni 2001, kwa thamani ya senti 34, na Posta ya Meksiko ikatoa yake yenye picha ile ile. Picha iliyoteuliwa ni ile aliyojichora mwenyewe mwaka 1933, akiwa amevaa mkufu wa shanga. Anamtazama mtazamaji bila haya, nyusi zake zikiwa zimekutana.

Ubora wa stempu hii uko katika uteuzi huo. Stempu nyingi za wasanii hulazimika kuchagua kati ya sura ya mtu na kazi yake. Hii haikuchagua: sura ndiyo kazi. Hata karani wa posta asiyemjua Kahlo anakutana na mchoraji na mchoro kwa mara moja.

Hata hivyo, kuna yaliyoachwa. Mwaka 1925 basi alilopanda Kahlo liligongana na tramu, akaumia vibaya uti wa mgongo, na akaanza kuchora kwa bidii akiwa kitandani. Maumivu hayo ndiyo yaliyozaa kazi kama Nguzo Iliyovunjika ya mwaka 1944. Aidha, alikuwa mkomunisti, na jeneza lake lilifunikwa bendera ya chama. Ndiyo maana baadhi ya Wamarekani, akiwemo Seneta Jesse Helms, waliipinga stempu hiyo. Mwenye kuibandika kwenye bahasha haoni hata dalili ya mambo hayo. Tunaonelea kwamba stempu imemheshimu msanii kwa kumpunguza. Lakini hatuwezi kusema imemsingizia, kwani utulivu ule aliuchora kwa mkono wake mwenyewe.

Linalotugusa zaidi ni kwamba nchi mbili zinazotenganishwa na mpaka mkali zilikubaliana juu ya picha moja. Sisi jambo hili si geni kwetu. Kuanzia mwaka 1935 stempu zetu zilibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na stempu za kumbukumbu za pamoja ziliendelea hadi miaka ya 1970. Barua ya Tororo na barua ya Busia ziliweza kubandikwa stempu ya aina moja.

Je, leo tungemtuza nani pamoja? Jibu letu liko mwambani. Kakapel, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, kuna michoro ya kale: maumbo ya duara na mistari, na ng'ombe waliochorwa baadaye juu yake na watu wengine. Ng'ambo ya mpaka, Nyero wilayani Kumi, kuna miduara myekundu, mmoja ndani ya mwingine. Waliochora hawakuujua mpaka huu, kwani haukuwapo.

Tatizo ni kwamba wachoraji hawa hawana sura, hawana mwaka wa kuzaliwa wala jina. Njia iliyomfaa Kahlo haiwafai. Kwao kazi yenyewe lazima isimame peke yake. Inasikitisha kwamba pale Kakapel waliopita baadaye waliandika majina yao juu ya michoro, hata ikabidi wataalamu waje kuyafuta. Aliyechora hakuacha jina, na aliyeharibu aliliacha.

Kwa hiyo tunapendekeza toleo la pamoja la Posta za Kenya na Uganda: duara la Nyero na ng'ombe wa Kakapel kwenye stempu mbili zinazoshikana. Maandishi yawe ya Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda lilikiidhinisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, kama kilivyo Kenya. Hapa wanafunzi wetu wana kazi ya kufanya. Tukiandika "wachoraji wasiojulikana", tunawapunguza kuliko Kahlo alivyopunguzwa, kana kwamba kutojulikana ni sifa yao na si upungufu wetu. Tukiandika "Wachoraji wa Kakapel na Nyero", tumewapa kwao, na mwenye kwao ndiye hutuzwa.