Namna ya Kuipima Katuni ya Kutisha: Perfect Blue kwa Macho ya Lodwar na Kakuma

Katika vibanda vya video vya Lodwar, kama ilivyo kwingi nchini Kenya, filamu hupimwa kwa kishindo: nani kampiga nani, gari gani limelipuka, na DJ anayeitafsiri amewavunja watu mbavu kiasi gani. Kwa filamu ya mapigano kipimo hicho kinatosha. Lakini ipo aina nyingine ya filamu ambayo ukiipima hivyo utaiona haina kitu, nayo ni katuni ya kutisha inayochimba akili ya mtu. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuitambua iliyo bora: mtazamaji, mwenye kibanda, na hasa kijana wa Lodwar au Kakuma anayejifunza kutengeneza filamu kwa simu na kompyuta ya kuazima.

Kielelezo changu ni Perfect Blue, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mjapani Satoshi Kon. Ilitengenezwa na studio ya Madhouse, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1997, na ina dakika 81. Mima Kirigoe, mmoja wa wasichana watatu wa kundi la muziki liitwalo CHAM!, anaacha kuimba ili awe mwigizaji, kwa kuwa ofisi inayomsimamia imeona riziki iko huko. Mashabiki wanakasirika. Mtu asiyejulikana anaandika mtandaoni shajara ya kila siku kwa jina lake. Watu wa karibu na kazi yake wanaanza kuuawa. Kisha anatokea Mima wa pili, amevaa gauni la jukwaani, anadai kwamba yeye ndiye wa kweli.

Hadithi hii ya Tokyo inatuhusu sana. Mwaka huohuo wa 1997, Halima Aden alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Akiwa mtoto alihamia Marekani na familia yake. Mwaka 2016 akashiriki shindano la Miss Minnesota USA akiwa na hijabu, akawa mwanamitindo wa kimataifa, na mwaka 2018 akatokea kwenye jalada la British Vogue. Novemba 2020 alitangaza kuachana na majukwaa ya mitindo. Alieleza mwenyewe jinsi hijabu yake ilivyokuwa ikibadilishwa kidogo kidogo katika picha, hata ikafika siku akafungwa suruali ya jinzi kichwani mahali pa mtandio, na jinsi alivyojitazama asijione. Alijitoa mwenyewe, kwa akili zake timamu. Mima hana bahati hiyo, ila swali linalowakabili ni moja: uso wako ukishakuwa mali ya watu, nani anaamua wewe ni nani? Filamu bora ya aina hii ni ile ambayo kila mbinu yake inalitumikia swali hilo. Vipimo sita vifuatavyo vinatoka hapo.

1. Je, ilikuwa lazima ichorwe?

Perfect Blue mwanzoni ilifikiriwa kuwa filamu ya waigizaji wa kawaida. Haina majini wala wanyama wanaosema. Ina vyumba, treni, ofisi na mitaa. Basi kuchora kumeiongezea nini?

Kumeiongezea usawa wa ndoto na macho. Katika filamu ya waigizaji, ndoto hujitambulisha: ukungu, taa za rangi, sauti inayorudi kama kisimani. Katika katuni, kila kitu kimetoka kwenye kalamu moja na rangi zilezile, na mwongozaji hodari huutumia usawa huo kukunyima alama ya kushika. Mima wa uongo amechorwa kwa uangalifu uleule wa Mima wa kweli. Tofauti yao iko kwenye uzito. Yule wa uongo anaruka kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine kama aliyepunguziwa mwili. Katika kukimbizana kwa mwisho, mtazame anavyoelea barabarani, kisha hamisha macho uone vioo vya maduka anayoyapita: humo kuna mwili mwingine, mzito, unaohema. Mchoro mmoja umebeba uongo na ukweli kwa pamoja, bila neno hata moja.

Mkenya Ng'endo Mukii alifanya jambo la karibu na hilo katika Yellow Fever ya mwaka 2012, filamu fupi kuhusu mkorogo na tamaa ya ngozi nyeupe. Amechanganya michoro, miili ya watu halisi na sauti za jamaa zake. Mtoto anaeleza waziwazi kwamba angependa kuwa mweupe, na sauti ile ya kitoto inachoma kuliko kisu. Ukiitazama utaelewa kwamba mchoro unaweza kuivua ngozi na kuivalisha upya mbele ya macho yako, jambo ambalo kamera peke yake hailiwezi kwa urahisi. Katuni ambayo ingeweza kupigwa kwa kamera na isipoteze chochote, ishushe alama.

2. Fuata mkato

Hiki ndicho kipimo kikubwa, na hapa ndipo Kon aliwaacha wengi nyuma. Mkato ni pale picha moja inapokoma na nyingine kuanza. Mwanzoni mwa filamu Mima yuko jukwaani, anaimba na kucheza, na katikati ya wimbo tunachotwa hadi kwenye maisha yake ya kawaida, ndani ya treni na dukani akinunua vitu vya nyumbani, kisha tunarudishwa jukwaani. Dakika chache tu, na tumeshajua kuna Mima wawili kabla hadithi haijatuambia.

Baadaye mikato hiyohiyo inageuka mtego. Mima anaigiza katika tamthilia ya televisheni yenye mauaji, na maneno ya tamthilia yanafanana na maisha yake. Unaona tukio la kutisha, mara sauti ya mwongozaji inalisimamisha: kumbe lilikuwa la kuigiza. Anaamka kitandani. Anaamka tena. Kila kuamka kunafuta kulikotangulia, mpaka wewe uliyekaa kwenye benchi huna uhakika lipi lilitokea.

Sasa pima hivi. Simamisha filamu kila unapochanganyikiwa, ujiulize: nimechanganyikiwa pamoja na Mima, au nimechanganyikiwa peke yangu? Ukiwa umepotea pale alipopotea yeye, mwongozaji anajua kazi yake. Ukiwa umepotea na yeye yuko sawa, amekuficha habari kwa hila ya bei rahisi. Kanuni hii inafaa kwa filamu yoyote ya akili, iwe ya Tokyo, Nairobi au Kampala.

3. Tazama walio pembeni

Fundi mvivu humchora nyota vizuri na kuwaacha wengine wakiwa na sura moja. Perfect Blue imewachora mashabiki kama watu unaokutana nao: wanaume wa kawaida, wachovu, wanaozungumza kuhusu wasichana wa jukwaani kama wanaojadili bidhaa. Kati yao yumo mlinzi mmoja mwenye macho yaliyoachana. Kundi likiimba, yeye ananyosha kiganja mbele ya jicho lake hadi msichana aliye mbali aonekane anacheza juu ya mkono wake. Hakuna anayeeleza kitu. Ukiliona hilo umeshaelewa mapenzi ya shabiki anayeamini kwamba anakumiliki.

4. Hofu inakaa wapi?

Damu imo, na si kidogo. Hata hivyo hofu yenyewe inakaa chumbani kwa Mima, penye kitanda, picha ukutani na samaki wake kwenye tangi. Anapojifunza kutumia kompyuta, chombo kilichokuwa kigeni kwa wengi wakati ule, anaikuta ile shajara. Mwanzoni anacheka. Kisha anasoma alichonunua dukani na mguu anaotanguliza akishuka kwenye treni, na kicheko kinakatika.

Vijana wa Lodwar wana simu mkononi, na wanajua akaunti ya uongo ni nini: picha yako, jina lako, na maneno ambayo hukuyasema. Filamu iliyotengenezwa kabla ya mitandao ya kijamii ya leo inaelewa jambo hilo vizuri kuliko nyingi zilizotengenezwa jana. Hofu ya filamu ikibaki nawe ukiwa nyumbani unaishika simu yako, mpe mwongozaji alama zake.

5. Picha iko upande wa nani?

Lazima niseme wazi: hii si filamu ya watoto. Mwenye kibanda asiiweke mchana kwa sababu jalada lina msichana aliyechorwa. Kuna tukio ambalo Mima anaigiza kubakwa katika ile tamthilia, na ni refu.

Lipime kwa makini. Filamu dhaifu hulifanya tukio la namna hii kuwa tamu kwa mtazamaji, kisha ikajisingizia kwamba inakemea. Kon amelikata kwa amri za kusimamisha kamera. Katikati ya upigaji picha mwigizaji wa kiume anamwomba Mima msamaha, wote wawili wakisubiri taa zirekebishwe. Tunaona kazi, tunaona wafanyakazi, tunaona gharama inayolipwa na mtu mmoja. Baadaye Mima anarudi chumbani, anawakuta samaki wake wamekufa, na hapo ndipo kilio kinamtoka. Filamu iko upande wake. Pamoja na hayo, naona tukio lingeweza kupunguzwa bila kupoteza lolote, na mtazamaji akilikataa simlaumu.

6. Fedha zilipokwenda

Sinema hukimbia kwa fremu 24 kwa sekunde. Katuni za Kijapani mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu tatu, yaani michoro 8 hivi kwa sekunde, ili kupunguza gharama. Perfect Blue haikuwa na bajeti kubwa, na ukisimamisha picha utauona ubahili: umati uliosimama tuli, midomo tu ikicheza. Usihesabu ubahili kuwa kosa. Angalia fedha chache zilipelekwa wapi. Hapa zimepelekwa kwenye nyuso, vioo, madirisha ya treni na mikato, yaani kwenye swali la filamu. Filamu ya fedha nyingi iliyozimalizia kwenye milipuko iko nyuma yake.

Namna ya kuitazama

Iache na sauti zake za Kijapani na usome manukuu. DJ wa kutafsiri ana kipaji chake na nafasi yake, lakini hapa ukimya ni sehemu ya kazi, na maneno juu yake yataubomoa. Tazama usiku, pasipo jua la Turkana linalofifisha skrini. Kisha itazame mara ya pili, ukijua mwisho wake: kila neno na kila tabasamu la walio karibu na Mima litakuwa na maana mpya. Filamu ya fumbo inayopwaya ukiijua siri yake ilikuwa fumbo tu. Hii inakaza.

Kakuma ina desturi ya kutazama filamu kwa pamoja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la FilmAid limeonyesha filamu kambini hapo kwenye skrini kubwa, na limewafunza vijana wakimbizi kushika kamera na kuhariri. Kwa hiyo macho yapo, na mikono ipo. Kilichobaki ni kuzoea kujadiliana baada ya filamu kwisha: mkato upi ulikutega, mchoro upi ulikudanganya, picha ilikuwa upande wa nani.

Hukumu yangu ni kwamba Perfect Blue inapasi vipimo vitano kwa alama za juu, na kile cha tano kwa ubishi. Satoshi Kon alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 46, na ameacha filamu nne tu ndefu, zitafuteni zote. Nanyi mnaochora Lodwar na Kakuma, msisubiri studio. Kisa cha msichana aliyetoka kambini akawa uso wa majarida, kisha akaudai uso wake mwenyewe, ni chetu na kimeshatokea. Kaeni nacho, na yeyote atakayekichora akipime kwa vipimo hivi kabla ya kukionyesha.