Vuli Isiyo na Majani Makavu: Uhakiki wa Taswira za Majira katika Mashairi Mawili ya Wanafunzi wa Temeke

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mashairi mawili ambayo hayajachapishwa, yaliyotungwa kwa mada ya "Vuli" na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke, Dar es Salaam. Mwandishi wa makala haya ndiye aliyeyasahihisha. Shairi la kwanza alilipa alama 16 kati ya 20, na la pili alama 9. Hoja kuu ni kwamba usahihishaji huo ulikosea, na kwamba chanzo cha kosa ni mazoea ya kuyaona mazingira ya karibu kuwa hayafai kuwa malighafi ya ushairi.

1.0 Utangulizi

Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umetumia nguvu nyingi kujadili umbo: vina, mizani, na iwapo tungo isiyo navyo inastahili kuitwa shairi. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake. Hata hivyo, darasani umeacha pembeni swali jingine ambalo pande zote mbili zinalihitaji: mtunzi anapotafuta taswira, macho yake yanatazama wapi? Mwanafunzi wa Mbagala au wa Tandale anaweza kuhitimu akijua kuhesabu mizani bila kuwahi kuulizwa ameona nini njiani asubuhi hiyo.

2.0 Neno "vuli" na maana zake mbili

Kwa wakazi wa pwani, vuli ni mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitolea utabiri wa miezi ya Oktoba hadi Desemba. Kwa kawaida mvua hizo ni chache kuliko za masika, ambazo hunyesha kati ya Machi na Mei, nazo huja wakati kusi imekwisha nguvu na kaskazi inaanza kuvuma. Wafasiri na waandishi wa vitabu vya shule, walipohitaji jina la majira ya Ulaya yanayotangulia baridi, walilichukua neno hilohilo. Kwa kalenda, tafsiri hiyo ina mantiki, kwa kuwa miezi inakaribiana. Kwa maana, inapindua mambo.

Huko Ulaya, mwisho wa majira hayo ni majani kupukutika, mchana kufupika na ardhi kupoa. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Vuli inapokaribia kwisha, maembe yanaiva, mikrismasi imewaka maua mekundu, vyura wanapiga kelele madimbwini na joto linazidi kupanda. Kule majira yanaelekea kwenye kufa. Huku yanatoka kwenye ukame na kuingia kwenye uhai. Mtunzi anayelitumia neno la pwani huku akiwa na picha ya Ulaya kichwani anasema jambo moja na kuonyesha jingine.

3.0 Uchambuzi wa mashairi

3.1 Shairi la kwanza

Shairi la kwanza ni tarbia ya beti tano. Vina vyake havina dosari, na kila mshororo una mizani 16. Mtunzi anaeleza majani ya manjano yanayoanguka, ukungu wa baridi na mzee anayejifunika blanketi akingoja mwisho wake. Majira yamefanywa ishara ya uzee. Ishara hiyo imekomaa katika fasihi ya Ulaya, na hakuna sheria inayomkataza Mswahili kuiazima. Udhaifu uko kwingine: hakuna mti hata mmoja uliotajwa kwa jina, na mzee huyo hana nyumba wala jirani. Kila kitu kimetoka kwenye shairi jingine.

Hoja hii haimaanishi kwamba jani linaloanguka si mali ya mshairi wa Temeke. Katika uwanja wa shule hiyo ulikuwapo mkungu, mti ambao majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kudondoka. Hauyadondoshi kwa kufuata kalenda ya Ulaya, wala haufi. Machipukizi hufuata upesi. Mtunzi huyo angeutazama, pengine angepata taswira ya uzee iliyo tofauti na ile aliyoiazima. Alikaa chini ya kivuli chake akaandika kuhusu mti asiowahi kuuona.

3.2 Shairi la pili

Shairi la pili lina beti nne. Mishororo mitatu imepungua mizani, na katika ubeti wa tatu kina cha kati kimepotea. Mtunzi anasimulia usiku wa mvua ya kwanza: kumbikumbi wanatoka ardhini na kuizunguka taa ya kibarazani, watoto wanawakusanya kwenye beseni. Asubuhi, bibi anafagia mbawa kwa ufagio wa chelewa, na mbawa ni nyepesi mno kiasi kwamba zinarudi nyuma ya ufagio. Katika ubeti wa mwisho mvua imeongezeka, maji yameingia chumbani, na bibi yuleyule anapandisha godoro juu ya meza.

Pembeni mwa ubeti wa pili, msahihishaji aliandika kuwa wadudu hawa "si lugha ya kishairi". Leo maelezo hayo hayateteeki. Mbawa zinazofagiwa ndizo majani makavu ya vuli ya Mbagala: kitu chepesi kilichodondoka, kinachoashiria kuwa kipindi kimoja kimepita. Lakini kumbikumbi hatupi mbawa kwa sababu anakufa. Huzitupa ili aingie ardhini na kuanzisha kichuguu kipya, ingawa wengi huliwa kabla ya kufika. Katika picha moja mtunzi ameweka hasara na mwanzo. Wala hakueleza ishara yake. Ameacha ufagio ufanye kazi hiyo.

Muhimu zaidi ni ubeti wa mwisho. Mvua iliyoleta kumbikumbi ndiyo iliyoleta maji chumbani. Kwa wakazi wa mabondeni, jambo hili si pambo. Mvua za Desemba 2011 ziliua takribani watu 40 jijini, na baadhi ya waliokuwa wakiishi katika bonde la Mto Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Shairi linalosifu vuli bila kujua kuwa maji yana njia yake limeona nusu ya majira. La pili limeona yote mawili, tena kupitia mikono ya mtu mmoja.

4.0 Mjadala

Inaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu unamfungia mshairi kijana mtaani kwake. Mfano wa John Keats unajibu dai hilo. Mnamo Septemba 1819 alitembea nje ya mji wa Winchester, akayaona mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na matembezi hayo yakamzalia shairi lake mashuhuri kuhusu majira hayo. Anayetaka kujifunza kwake ajifunze kutembea na kutazama. Akiyaazima majani yake peke yake, amechukua matokeo na kuacha njia.

Aidha, kasoro za mizani katika shairi la pili ni za kweli, na zilistahili kupunguziwa alama. Lakini mizani hurekebishika kwa saa moja ya kazi mezani. Taswira isiyotazamwa hairekebishiki kwa kuhesabu silabi.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, zoezi la utungaji litanguliwe na zoezi la kutazama: kabla ya kuandika ubeti, kila mwanafunzi aorodheshe kwa majina yake halisi vitu kumi alivyoviona kati ya nyumbani na shuleni wiki hiyo. Pili, mwongozo wa kusahihisha utenge alama za taswira mbali na alama za vina na mizani, ili upungufu wa moja usilifiche jingine.

Mtunzi wa shairi la pili hakuwasilisha shairi lolote katika muhula uliofuata. Haijulikani kama sababu ilikuwa alama 9 au maneno yale ya pembeni. Ila hakuna alama iliyobadilishwa baadaye, na daftari lilirudishwa na wino mwekundu ukiwa juu ya mbawa.