Sake Bora Haijulikani kwa Bei: Mwongozo wa Mnunuzi

Anayenunua sake kwa mara ya kwanza aghalabu hushika chupa iliyoandikwa daiginjo, kwa kuwa ndiyo ghali zaidi rafuni na muuzaji ameisifia. Huenda akapata kinywaji kizuri. Ila bei hupima kazi iliyofanyika. Ubora ni jambo jingine. Ajuaye mchele ulivyokobolewa, pombe ilivyopikwa na chupa ilivyotunzwa hutoka dukani na sake bora kwa pesa kidogo.

Mchele na namba yake

Sake hupikwa kwa maji, mchele, hamira na koji, yaani mchele uliopikwa kwa mvuke na kuoteshwa ukungu maalumu. Katika pombe zetu za nafaka, kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari. Japani kazi hiyo ni ya ukungu huo. Ndani ya tangi moja, wanga unageuka sukari huku sukari ikigeuka kileo, kwa wakati uleule. Ndiyo maana sake ina nguvu kuliko bia: nyingi huuzwa zikiwa na kileo cha asilimia 15 au 16, baada ya kuzimuliwa kwa maji.

Sehemu ya nje ya punje ina protini na mafuta, vitu viletavyo uzito na ladha ya nafaka. Lebo hutaja asilimia ya punje iliyobaki baada ya kukoboa: honjozo haizidi 70, ginjo haizidi 60, daiginjo haizidi 50. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mchele mwingi unavyopotea na bei kupanda. Unachopata ni wepesi na harufu ya matunda. Ukipenda ladha nene inayohimili nyama au samaki wa kuchoma, namba kubwa itakufaa zaidi.

Neno junmai lina maana kwamba hakuna spiriti iliyoongezwa. Lakini usiidharau ginjo isiyo na neno hilo. Sheria huweka kikomo cha spiriti katika madaraja haya, na mpishi stadi huitumia kuvuta harufu nzuri na kuifanya ladha iwe nyepesi.

Maji na mapishi

Maji ya Nada, mjini Kobe, yana madini mengi yanayoipa hamira nguvu, na sake ya huko inasifika kwa ukavu, yaani kutokuwa na utamu. Fushimi, mjini Kyoto, maji ni laini na sake huwa ya upole. Maji ya Hiroshima yalikuwa laini kiasi cha kuwasumbua wapishi, hadi mpishi Miura Senzaburo alipochapisha mwaka 1898 njia ya kuchachusha polepole kwa baridi. Mitindo ya ginjo inanufaika na kazi yake mpaka leo.

Tafuta pia maneno kimoto na yamahai. Hapo mpishi huacha bakteria watengeneze tindikali wenyewe, kazi inayochukua takriban mwezi, badala ya kuitia tayari. Matokeo ni uchachu, uzito na ladha inayokaa kinywani. Namazake haikupashwa moto kuua vijidudu, hivyo ni changamfu lakini huharibika upesi. Nigori huchujwa kwa matundu makubwa, ikabaki na chembe nyeupe za mchele. Koshu imezeeshwa, na rangi yake huelekea kahawia.

Kuonja

Waonjaji wa Japani hutumia kikombe cheupe chenye miduara miwili ya buluu kitakoni. Weupe huonyesha rangi ya sake. Mpaka kati ya buluu na nyeupe huonyesha ung'avu: ukingo ukionekana umefifia, kuna kitu kinaelea ndani. Umanjano kidogo si kasoro. Viwanda vingi huuondoa kwa mkaa, vingine huuacha makusudi.

Kisha nusa. Ndizi na tofaa ni harufu za hamira nzuri. Harufu ya kabichi iliyochemshwa mno ni dalili ya joto au uzee mbaya. Piga funda dogo, lieneze ulimini, meza, ngoja. Sake nzuri hukatika safi, na kinywa kinatamani funda jingine. Iliyo dhaifu huacha utamu unaong'ang'ania. Ionje ikiwa baridi, halafu ikiwa na joto la chumba, halafu imepashwa hadi nyuzi 45. Junmai na yamahai nyingi hufunguka kwa moto. Ginjo yenye harufu nyingi hupoteza uzuri wake.

Dukani

Uliza chupa ilijazwa lini. Sake ya kawaida nunua ikiwa ndani ya mwaka mmoja, na namazake itoke kwenye jokofu tu. Chupa isiyo na rangi iliyokaa dirishani iache, maana mwanga huiharibu haraka. Lebo huweza kuwa na namba nyingine, ya utamu: yenye alama ya kujumlisha huashiria ukavu, ya kutoa huashiria utamu, ingawa tindikali nyingi huficha utamu.

Anza na chupa tatu za mililita 300: junmai, ginjo na yamahai. Zionje pamoja kwa mlo mmoja, na ukishafungua zirudishe kwenye jokofu, uzimalize ndani ya wiki mbili. Ukirudi dukani useme, "Nataka yamahai kavu ya kupasha moto, ya mwaka huu," muuzaji atakupa inayokufaa hata kama hulijui jina la kiwanda chochote.